Mng'ao wa milipuko ya gama: uchunguze kwa eksirei au kwa mwanga wa kawaida?

Ukitaka kuandika tasnifu juu ya mng'ao unaobaki baada ya mlipuko wa miale ya gama, mapema utalazimika kuchagua: ufuate eksirei, au ufuate mwanga wa kawaida unaonaswa na darubini za ardhini. Wasimamizi wengi humwachia mwanafunzi achague kwa mapenzi yake. Naona si haki, kwa sababu njia hizi zinatofautiana kwa gharama, kwa aina ya makosa yanayokuvizia, na zaidi ya yote kwa maswali zinazoweza kuyajibu. Msimamo wangu nautaja mapema: mwanafunzi asiye na darubini, mwenye laptopu na intaneti ya kusuasua, aanze na eksirei. Ila kama swali lake ni umbali wa mlipuko, au ni nyota gani iliyolipuka, eksirei peke yake haitamfikisha, na ni afadhali alijue hilo leo kuliko mwaka wa pili wa masomo.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Nyota kubwa mno inapoporomoka, au nyota mbili za nyutroni zinapogongana, hutoka mkondo mwembamba wa maada unaokwenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Mkondo huo ukituelekea sisi, tunaona miale ya gama kwa sekunde chache au dakika kadhaa, halafu basi. Lakini mkondo wenyewe haujasimama. Unaendelea kuikumba gesi iliyo mbele yake, wimbi la mshtuko linajengeka, na elektroni zinazozungushwa na uga wa sumaku ndani ya wimbi hilo zinatoa mnururisho wa sinkrotroni. Huo ndio mng'ao wa baadaye. Huonekana kwa eksirei, kwa mwanga wa kawaida na kwa redio, na hufifia kadiri mkondo unavyopoteza kasi. Kwa hiyo mara nyingi eksirei na mwanga vinatoka kwenye wimbi lilelile moja. Kinachotofautiana ni nishati ya elektroni zinazovitoa.

Hadi mwanzoni mwa 1997 wataalamu walikuwa bado wanabishana kama milipuko hii iko karibu na galaksi yetu au mbali kabisa ulimwenguni. Tarehe 28 Februari mwaka huo setilaiti ya Italia na Uholanzi, BeppoSAX, ilinasa mlipuko, na saa nane hivi baadaye ikageuza darubini zake za eksirei na kukuta kitu kinachofifia. Eneo lililotajwa lilikuwa dogo kiasi kwamba Jan van Paradijs na wanafunzi wake wa udaktari, Titus Galama na Paul Groot, waliweza kuchukua picha ya darubini ya William Herschel huko La Palma, iliyopigwa saa 21 hivi baada ya mlipuko, wakailinganisha na ya tarehe 8 Machi, wakaiona nukta iliyokuwapo na sasa haipo. Mwezi Mei ulipotokea mlipuko GRB 970508 (GRB ni kifupi cha Kiingereza cha mlipuko wa gama, na tarakimu ni tarehe yake), darubini ya Keck huko Hawaii ilinasa kwenye wigo wake, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake, mistari ya chuma na magnesiamu yenye mhamo mwekundu wa 0.835; mhamo huo ni kiasi ambacho mwanga umenyooshwa na upanukaji wa ulimwengu, na ukiwa mkubwa kitu kiko mbali zaidi. Ubishi wa miaka mingi ukaisha. Utazame mgawanyo wa kazi uliokuwapo: eksirei ilionyesha mahali, mwanga ukatoa umbali. Kwa sehemu kubwa mgawanyo huo upo hadi leo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kuipenda historia ya eksirei. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya astronomia ya eksirei, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Data za BeppoSAX zilishushwa kwenye kituo cha Malindi. Na Swift, setilaiti iliyobadilisha kabisa fani hii, imekuwa ikishusha data zake hapohapo, kwenye kituo cha Shirika la Anga la Italia. Fotoni, chembe za mwanga, zilizosafiri miaka bilioni kadhaa zinageuka kuwa faili za kompyuta katika pwani yetu. Nikifundisha somo hili sichoki kulitaja.

Nani hufika kwanza

Swift ilirushwa Novemba 2004. Kifaa chake cha kwanza, BAT, hutazama sehemu kubwa ya anga kikisubiri miale ya gama. Kikiona mlipuko, setilaiti nzima hujigeuza yenyewe bila kusubiri amri ya mtu, na mara nyingi ndani ya dakika moja au mbili darubini ya eksirei, XRT, imeshaanza kupima. Pembeni yake kuna darubini ndogo ya mwanga na urujuanimno, UVOT, yenye kioo cha sentimita 30. Ni vifaa vya chombo kimoja, vinavyotazama mahali pamoja kwa wakati mmoja, lakini matokeo yanapishana sana: XRT hupata mng'ao katika zaidi ya milipuko tisa kati ya kumi inayowahi kuifikia, ilhali UVOT hupata chini ya nusu.

Darubini za ardhini zina wingu, zina mwezi, zina mchana. Darubini ya roboti hupokea tangazo la mlipuko kupitia mtandao wa GCN na kugeuka ndani ya sekunde chache, lakini ikiwa jua liko juu au mahali penyewe pako chini ya upeo wa macho, hakuna la kufanya. Darubini kubwa zina vikwazo vyake pia. SALT ya Sutherland, Afrika Kusini, ina kioo cha takriban mita 10, lakini imejengwa kwa mwinuko usiobadilika, kwa hiyo huona kila nyota kwa kipindi kifupi tu inapopita kwenye duara lake. Mlipuko ukitokea wakati usiofaa, unasubiri usiku kucha, au unakosa.

Kusubiri kuna gharama yake. Mng'ao mwingi hufifia kwa kipeo kinachokaribia 1, yaani muda ukiongezeka mara kumi ukali unapungua mara kumi. Kutoka sekunde 100 hadi siku moja ni mara 864, sawa na magnitudi 7.3 (kipimo cha ung'avu ambacho namba ikiwa ndogo kitu kinang'aa zaidi). Kitu ambacho darubini ya chuo yenye kioo cha nusu mita ingekinasa kwa urahisi dakika mbili baada ya mlipuko, kesho yake kinahitaji kioo cha mita mbili au zaidi.

Hata hivyo, zinapowahi, zawadi huwa kubwa. Tarehe 23 Januari 1999 darubini ya roboti ROTSE-I, iliyoundwa kwa lenzi nne za kamera za kawaida, ilinasa mwako wa magnitudi ya 9 hivi wakati miale ya gama ilikuwa bado inatoka. Tarehe 19 Machi 2008 GRB 080319B ulifika magnitudi 5.3. Mtu aliyekuwa mahali penye giza, akitazama pale pale kwa dakika ile, angeweza kuuona kwa macho matupu, ingawa mwanga wake ulikuwa umesafiri zaidi ya miaka bilioni saba. Eksirei haiwezi kukupa tukio la namna hiyo kwa macho yako, wala kwa darubini ya klabu ya astronomia: angahewa huizuia, na ni lazima uwe na setilaiti.

Kinachofika mezani kwako

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapofanikiwa au kukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa upande wa eksirei, Chuo Kikuu cha Leicester nchini Uingereza hutoa bila malipo grafu ya mng'ao na wigo wa kila mlipuko uliotazamwa na XRT. Vyote vimetengenezwa kwa utaratibu uleule mmoja tangu 2005. Unapakua faili ya maandishi yenye muda, ukali na makosa ya kipimo, na faili hiyo haili hata sehemu ndogo ya bando lako. Siku hiyohiyo unaweza kuchora grafu mia moja na kuzilinganisha, ukijua kwamba tofauti unazoziona ni za milipuko yenyewe na si za mikono ya watu mia waliopima. Kwa mtu anayetaka takwimu za milipuko mingi, hakuna kinachofanana na hili upande wa pili.

Ukitaka kushughulikia data ghafi mwenyewe, utahitaji programu ya HEASoft na ndani yake XSPEC, ya kuchambua wigo. Kuisimika ni kazi ya siku nzima ikiwa mtandao ni dhaifu, na hufanya kazi vizuri zaidi kwenye Linux au Mac. Mitego ipo: mng'ao mkali sana hufanya fotoni mbili zihesabiwe kama moja, na usipoondoa kiini cha picha, wigo wako utaonekana mgumu, yaani wenye nishati kubwa, kuliko ulivyo. Kisha fotoni ni chache. Siku ya pili unaweza kuwa na fotoni 20 tu katika kipimo kizima, na hapo takwimu za kengele (za mgawanyo wa kawaida) hazifai. Tumia takwimu ya Cash, inayofaa hesabu ndogo. Tena Swift huzunguka Dunia kwa dakika 96 hivi, na Dunia yenyewe huziba, kwa hiyo kila grafu ina mashimo, na mara nyingine shimo limeangukia pale pale ulipotaka kuona badiliko.

Upande wa mwanga, data hazina mama mmoja. Mlipuko mmoja unaweza kuwa na vipimo vya darubini 15, vingi vimeandikwa kama mistari michache kwenye taarifa za GCN, kwa vichujio tofauti, wengine wakitumia mfumo wa magnitudi wa Vega na wengine wa AB, wengine wameondoa athari ya vumbi la galaksi yetu na wengine hawakusema. Kuvioanisha ni kazi ya miezi. Mwaka 2024 kundi lililoongozwa na Maria Dainotti lilitoa orodha ya milipuko 535 yenye mhamo mwekundu unaojulikana pamoja na vipimo vya mwanga, na hilo limepunguza sana mateso. Lakini hata orodha nzuri haikuondolei wajibu wa kukagua kila nukta inayokaa vibaya.

Ukipata picha zako mwenyewe, tuseme kutoka darubini za mita moja za mtandao wa Las Cumbres, ambazo tatu ziko Sutherland, unajifunza ufundi ambao XRT haitakufundisha: kusafisha picha, kupima nyota za jirani, kuoanisha na orodha ya nyota ya SkyMapper au Pan-STARRS, na kutoa picha ya zamani kutoka kwenye mpya ili galaksi mwenyeji, ile ulimotokea mlipuko, isikudanganye. Ufundi huo utakusaidia katika kazi nyingine yoyote ya astronomia. Naupa uzito mkubwa kuliko wengi wanavyoupa.

Umbali

Hapa mwanga unashinda bila ubishi. Wigo wa eksirei wa mng'ao ni mstari laini usio na alama za kutegemewa, kwa hiyo kwa kawaida hausemi mlipuko uko wapi. Wigo wa mwanga umejaa mistari ya magnesiamu, chuma na haidrojeni iliyomezwa na gesi ya galaksi mwenyeji, na kutoka hapo mhamo mwekundu unasomeka. Bila mhamo mwekundu hujui nishati halisi, hujui umri wa ulimwengu wakati ule, hujui chochote kuhusu kundi zima la milipuko. Na karibu theluthi moja tu ya milipuko ya Swift ina umbali unaojulikana.

Jambo hili huwakuta bila kutarajia wanaochagua eksirei kwa ajili ya wingi wake. Unaanza na grafu zaidi ya elfu moja, unasema utachunguza uhusiano kati ya mng'aro (ukali halisi kwenye chanzo, si ule unaotufikia) wa kipindi cha utulivu, yaani pale grafu inapoacha kushuka kwa muda, na urefu wake, halafu unagundua kwamba ili kupata mng'aro huo unahitaji umbali, na umbali umetoka kwa watu wa mwanga waliokesha.

Kwa milipuko ya mbali kabisa hata mwanga wa kawaida huzimika, kwa sababu gesi ya haidrojeni imeumeza na kilichobaki kimesukumwa hadi infraredi. GRB 090423 wenye mhamo mwekundu wa 8.2 ulijulikana kwa infraredi. Machi 2025 setilaiti ya China na Ufaransa, SVOM, ilinasa GRB 250314A wenye mhamo wa 7.3 hivi, ukapimwa kwa darubini kubwa ya VLT nchini Chile, na miezi michache baadaye darubini ya James Webb ikatafuta supanova, mlipuko wa nyota yenyewe, pale pale.

Vumbi, na GRB 221009A

Milipuko mingi isiyoonekana kwa mwanga imefunikwa na vumbi la galaksi yake au la kwetu. Eksirei zenye nishati zaidi ya keV 2 (kipimo cha nishati ya fotoni) hivi hupenya bila shida kubwa. Kuna kipimo rahisi: linganisha ukali wa mwanga na wa eksirei saa 11 baada ya mlipuko, utafute mteremko kati yake. Ukiwa chini ya 0.5, sinkrotroni peke yake haiwezi kuueleza, na mlipuko unaitwa mweusi. Utaona kwamba hata kuutambua mlipuko mweusi kunahitaji pande zote mbili.

Tarehe 9 Oktoba 2022 tulipewa mfano usiosahaulika. GRB 221009A ulikuwa mkali kuliko wowote uliowahi kurekodiwa, na ulikuwa karibu, mhamo mwekundu 0.151. Lakini ulitokea nyuma ya bapa la galaksi yetu lenye vumbi jingi, na mwanga wake ukatufikia umepungua vibaya, kiasi kwamba hadi leo wanaotafuta supanova yake wanabishana kwa sababu ya makadirio ya vumbi. Vumbi lilelile, kwa eksirei, likawa hazina: lilitawanya eksirei na kuchora pete zinazopanuka siku baada ya siku. Setilaiti ya XMM-Newton ilizihesabu pete 20, na kutokana na upana wa kila pete ukapatikana umbali wa wingu la vumbi lililoichora. Mtu aliyechagua mwanga alilia, mtu wa eksirei akapata ramani ya mawingu ya galaksi yetu ambayo hakuiomba.

Pale ambapo upande mmoja hausemi

Kuna swali moja ambalo kwangu ndilo kiini cha fani nzima: mlipuko ulitokea katika mazingira gani? Gesi iliyotawanyika sawasawa, au upepo uliopulizwa na nyota yenyewe kabla ya kufa, mzito karibu na mwembamba mbali?

Chukua elektroni ambazo mgawanyo wa nishati yake una kipeo p cha 2.2, thamani ya kawaida. Mara nyingi kati ya mwanga na eksirei kuna mpaka, masafa ambayo juu yake elektroni hupoteza nishati upesi. Eksirei ziko juu ya mpaka, mwanga uko chini. Sasa piga hesabu. Kwa eksirei, kipeo cha kufifia ni (3p−2)/4, yaani 1.15, iwe ni gesi sawia au upepo. Hakuna tofauti! Kwa mwanga, gesi sawia inatoa 3(p−1)/4, yaani 0.9, na upepo unatoa (3p−1)/4, yaani 1.4. Ukiwa na eksirei tu, hata ukiwa na fotoni milioni, hutajua. Ukiwa na mwanga pia, unaona mara moja: kipeo cha mwanga kikiwa chini ya cha eksirei kwa robo (0.25), ni gesi sawia, kikiwa juu kwa robo, ni upepo wa nyota. Na wigo unathibitisha kama mpaka upo kweli, kwa sababu kipeo cha wigo lazima kipishane kwa nusu, 0.6 kwa mwanga na 1.1 kwa eksirei.

Vivyo hivyo kwa upana wa mkondo. Mkondo unapopungua kasi vya kutosha, ukingo wake huanza kuonekana na mng'ao hushuka ghafla, na jiometria haijali rangi: mshuko lazima utokee wakati mmoja kwa eksirei na kwa mwanga. Ukiuona upande mmoja tu, usikimbilie kuandika umepima upana wa mkondo.

Lakini kuna mambo ambayo eksirei peke yake inatosha na hata inapita. Dakika za mwanzo, grafu ya XRT hushuka kwa mteremko mkali, halafu hutulia kwa dakika hata saa kadhaa, kisha hushuka kwa kawaida, na katikati hutokea miali ya ghafla. Miali hiyo inaonyesha kwamba injini iliyo katikati, shimo jeusi changa au pengine nyota ya nyutroni yenye sumaku kali, haijazimika. Ukitaka kusoma injini, soma eksirei.

Na kwa migongano ya nyota za nyutroni mambo hugeuka. Tarehe 17 Agosti 2017 mwanga wa kilonova, mwako unaotokana na mgongano kama huo, ulionekana saa 11 hivi baada ya mawimbi ya uvutano, kwa darubini ya Swope yenye kioo cha mita moja nchini Chile. Eksirei zilisubiriwa hadi siku ya tisa, setilaiti ya Chandra ilipozinasa, kwa kuwa mkondo haukutuelekea moja kwa moja. Aliyetegemea eksirei za mapema hapo angeondoka mikono mitupu.

Sasa uchague

Ukiwa na mwaka mmoja na nusu wa uzamili, bila muda wa darubini: chukua eksirei za milipuko 30 hadi 50 yenye umbali unaojulikana, na uombe vipimo vya mwanga kutoka machapisho kwa mitano tu kati yake, ile iliyopimwa vizuri. Utamaliza kwa wakati.

Ukiwa na msimamizi mwenye saa za darubini, au unalenga kusomea udaktari mahali penye darubini, chukua mwanga, na ukubali kwamba milipuko mingi utakayoisubiri itatokea mchana au nyuma ya mawingu. Usijenge tasnifu juu ya mlipuko ambao haujatokea. Uwe na data za zamani kama msingi, mpya ziwe nyongeza.

Kuhusu eksirei za miaka ijayo, usitegemee Swift kama chanzo cha data mpya: imezeeka na obiti yake imekuwa ikishuka. Hazina yake ya data itabaki. Warithi wapo, Einstein Probe iliyorushwa Januari 2024 yenye uwezo wa kutazama nyuzi za mraba 3,600 kwa pamoja, na SVOM iliyorushwa Juni mwaka huohuo ikiwa na darubini ya eksirei na ya mwanga ndani ya chombo kimoja.

Kabla ya kusaini fomu ya mada, fanya zoezi moja na GRB 130427A. Una mhamo mwekundu wa 0.34 na umefuatiliwa kwa eksirei kwa zaidi ya miaka miwili, ukififia kwa kipeo cha karibu 1.3 bila mshuko wa wazi. Pakua data za Leicester, uitafute 1.3 hiyo mwenyewe. Itakuchukua alasiri moja. Kisha kusanya vipimo vya mwanga vya mlipuko huohuo, uvioanishe, uondoe galaksi mwenyeji na supanova SN 2013cq iliyojitokeza ndani yake. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, na mwisho wake utajua ni ipi kati ya kazi hizo mbili uko tayari kuifanya kila siku.